Fatiha ya Kwanza ni ya Chuma

Brusseli, Jumapili 14 Januari 2024

Kaka yangu Omari,

Asalaam alaikum. Huku tu wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Abdallah goti linamsumbua kila baridi ikija, na mwaka huu baridi imekuja na mizigo yake, haina mpango wa kuondoka. Tasnim amepata kazi kwenye duka la dawa, anavaa koti jeupe, basi nyumbani sote tumekuwa wagonjwa wake. Na wewe sikio? Wifi aliniambia la kushoto limekufa kabisa na la kulia linasikia likitaka lenyewe. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Mara ya mwisho kwenye simu nilipaza sauti mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, na wewe ukanijibu habari za mvua. Mustafa, yule mwenye duka la vitenge ndani ya Galerie d'Ixelles, anakwenda Bujumbura Alhamisi. Ameahidi bahasha hii ataiweka mkononi mwako.

Bon, sasa jambo lenyewe.

Tangu Novemba namhudumia mzee mmoja Mwingereza, anakaa nyuma ya Chaussée de Wavre, ghorofa ya pili. Jina lake Aaron. Mimi namwita Mzee Haruni, naye anaitika. Alikuwa mfasiri wa maofisini. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa jiko lake, kaka, nilisimama. Harufu! Ile ya pipa la Baba, ya pembe zilizolowa wiki tatu. Miaka ishirini na tisa sijainusa, na nimekuja kuinusa Ulaya, kwenye jiko la Mzungu. Mzee akadhani nimechukizwa, akaanza kuomba radhi kwa kile Kifaransa chake cha vitabuni. Nikamwambia, mzee, baba yangu alikuwa fundi pembe. Akavuta kiti akakaa. Akaniambia nirudie.

Kumbe mtu huyu miaka arobaini anasoma habari za mafundi pembe wa kwao, wa miaka mia sita iliyopita. Walikuwa wanachukua pembe kwa wachinjaji na wenye kutengeneza ngozi, wanaziloweka mpaka ule mfupa wa ndani uachie, kisha wanatengeneza vitana, vijiko, vichupa vya wino. Na majirani wanalalamika harufu. Nikacheka, nikasema hao ni majirani zetu wa avenue ya kumi na nne kabisa, kule Buyenzi! Kioo kilikuwa ghali, basi walikuwa wanabana pembe kati ya vyuma vya moto mpaka iwe nyembamba kama karatasi, mwanga upite, ndiyo wanaweka kwenye fanusi.

Hilo Baba alilifanya. Unakumbuka kandili ya msikitini? Jani lake la pembe lilikuwa kama ukucha wa mtoto.

Mzee Haruni anataka kutengeneza jani moja tu kwa mikono yake. Daktari amemwambia mwaka huu ukiisha atakuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Anataka aweke mshumaa nyuma, autazame. Lakini kila analolibana linakuwa la rangi ya chai. Mimi, binti, sikuruhusiwa uani pembe zikiwa motoni. Wewe ulikaa na Baba kazini miaka sita. Niandikie alivyofanya.

Kitana alichonipa Baba bado ninacho. Siku ile naondoka hakutoka hata kuniaga, amejifungia karakanani, nami nautazama tu ule mlango, halafu ukaja wewe na kitana mkononi: "Baba amesema chukua." Kila Ijumaa nikitoka kuoga nachania nywele kwa kile, nasema moyoni, basi aliniridhia.

Nisalimie wifi na watoto.

Dada yako Jamila


Buyenzi, 22 Februari 2024

Mdogo wangu Jamila,

Waalaikum salaam. Bahasha nimeipata, Mustafa mtu wa haki, na sukari ya wifi yako imefika pia. Sisi wazima. Ziwa limepanda tena, walio karibu na maji wanahamisha magodoro. Petroli hakuna. Lukman wangu ana pikipiki lakini anaisukuma, watu wanamuuliza kama anampeleka mgonjwa hospitali. Mke wake amejifungua binti. Sikio liko vilevile. Kazi ya kusaga chuma imelila, lakini chuma kimetulisha, siwezi kukilaumu.

Nimefurahi una kazi kwa mtu mwema. Mpe salamu.

Kuhusu pembe sikumbuki. Ni zamani. Mimi mtu wa milango na madirisha. Mwambie mzee wako anunue fanusi ya kioo, kioo kimeshagunduliwa.

Wako, Omari


Brusseli, Ijumaa 8 Machi 2024

Kaka Omari,

Asalaam alaikum, na Ramadhani iliyo mlangoni ikukute na afya. Hongera kwa mjukuu! Nimenunua kofia tatu, moja kubwa, kichwa cha ukoo wetu nakijua. Goti la Abdallah limepoa, sasa analalamika kuhusu bega.

Haya. Eti hukumbuki. Wewe ambaye mpaka leo unakumbuka nani alikosa penalti mwaka wa themanini na saba na alivaa viatu gani! Sikuamini, lakini sikasiriki. Nakupa habari, labda kumbukumbu itaamka.

Kwanza, nimekuta mzee anapaka pembe mafuta ya nguruwe. Nikaweka koleo chini. Nikamwambia mzee wangu, mimi hapo sishiki. Hakubishana. Kesho yake nimemletea shahamu ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji wetu wa Kiislamu. Mzee akasema fundi wake wa Kiingereza labda alitumia hiyohiyo.

Pili, pembe zenyewe huku ni shida. Ng'ombe wa hapa wanakatwa pembe wakiwa ndama, ukiwaona malishoni ni kama watu waliosahau kofia. Mzee ana mkulima mmoja wa milimani anayefuga wa zamani. Zile nyeupe, zinazofaa jani, zimebaki mbili.

Tatu, na hili ndilo limeninyima usingizi. Ana ukurasa alionakili kwenye maktaba ya kwao, wa maelekezo ya fundi wa zamani. Unasema ubane pembe kwa muda wa kusali Baba Yetu mara tano. Hawakuwa na saa, unaona? Walipima kwa sala! Nikamwambia, mzee, hebu sali nisikie. Akasali kama mtu anayesoma namba ya simu. Rolande alikuwepo, yule mama wa Bukavu tunayepokezana naye zamu, Mkatoliki wa kufunga hasa. Akashika kiuno: "Papa Aaron, ile si sala, ile ni treni ya TGV! Mungu atasikia nini pale?" Akasali yeye, polepole, na macho yamefungwa. Tukapima tena kwa sala ya Rolande. Safari hii jani lilibanwa vizuri, jembamba, limenyooka. Lakini rangi ya chai ileile. Limeungua juu.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Baba. Mdomo wake, kaka. Akiwa na koleo mdomo ulikuwa unatembea. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango wa uani, nilidhani anafanya dhikri zake tu. Alikuwa anapima! Sema kweli. Alisoma nini, mara ngapi, na kipi hiki tunachokosea? Mzee ameniuliza hivyo na kalamu mkononi, kama mtoto wa shule.

Dada yako Jamila


Buyenzi, 21 Aprili 2024

Jamila,

Idi njema, ingawa imepita. Kofia zimefika, ile kubwa ndiyo imetosha. Wifi yako anakushukuru.

Nakuomba usiniulize tena mambo ya karakana. Mlango ule Baba aliufunga mwenyewe na mimi sikuufungua.

Na kile kitana, usikitumie tena. Kimezeeka, kitakukata kichwa. Nunua cha plastiki.

Omari


Brusseli, Jumapili 12 Mei 2024

Kaka Omari,

Asalaam alaikum. Sisi wazima. Leo sina habari nyingi za nyumbani, utanisamehe.

Kitana kitanikata kichwa? Nimekipeleka dirishani nimekitazama jino moja moja. Hakuna lililolegea, hakuna lenye ufa, isipokuwa moja la pembeni alilolivunja Tasnim akiwa mdogo. Kazi ya Baba haimkati mtu. Wewe unajua hivyo kuliko mimi.

Kuna kitu. Unanifahamu, mimi nikishika uzi sitaki kuuachia. Nilidhani unaficha ufundi, kama mafundi wanavyoficha. Nikadhani labda umechoka na maswali ya dada mnene aliye Ulaya. Lakini mtu akificha ufundi hasemi habari ya kitana. Nimekaa na barua yako kwenye tramu, nimekaa nayo kazini, Mzee Haruni akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia sijui bado.

Pembe nyeupe imebaki moja. Mzee hataki kuigusa mpaka ujibu. Juzi alinimiminia chai pembeni ya kikombe, hakuona.

Niambie tu, kaka. Hata kama ni kibaya. Mimi sina baba mwingine wa kumuuliza.

Jamila


Buyenzi, 24 Juni 2024

Mdogo wangu Jamila,

Asalaam alaikum. Idi kubwa imepita salama, tumechinja mbuzi, mjukuu ana meno mawili. Nimeandika barua hii mara tatu na mara tatu nimeichoma. Hii ya nne nampa Mustafa leo hii, kabla sijabadili nia.

Mwaka ule wa vita, machinjio yalifungwa. Unakumbuka. Baba alikaa karakanani wiki tano hana pembe. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, na mkono wake unakwangua goti lake tupu, hivi, hivi, kama ana pembe pale. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshaoa, na sikuweza kuutazama ule mkono. Nikapata pembe kwa mchungaji mmoja aliyeteremka kutoka milimani. Ng'ombe wake walikufa njiani kwa kiu. Hakuna kisu kilichopita, hakuna bismillahi. Walikufa wenyewe.

Baba aliuliza kama alivyouliza daima: "Zimechinjwa?" Nikasema ndiyo.

Akatengeneza vitana thelathini. Sijawahi kumwona na furaha vile. Wanawake wa mtaa walivichukua karibu vyote kwa siku mbili. Halafu ikafika Alhamisi yenu ya kuondoka.

Jamila, nilimwambia gari linasubiri. Akanigeuzia mgongo. Alikuwa na hasira na shemeji kwa kukupeleka mbali, na hasira ya Baba unaijua, ilikuwa haina mdomo. Nikatoka nikakuta unautazama ule mlango. Nikarudi ndani, nikachukua kitana mezani nyuma ya mgongo wake, nikakuletea. "Baba amesema chukua." Hakusema. Ni mimi niliyesema.

Wiki mbili baadaye yule mchungaji alipita kutusalimu, akamuuliza Baba kama pembe za ng'ombe wake waliokufa njiani zimefaa. Hivyo tu, kwa wema. Baba hakunipigia kelele. Alitazama mikono yake, akaenda kuiosha. Kisha akachukua gunia akanipa mimi, tukaanza nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nimekosea mimi. Pembe hizi ni za mzoga. Osheni vichwa, nirudishieni kitana, nitawapa kingine." Watu walikuwa wanavichania nywele mbichi kisha wanasimama kuswali, na najisi inashika penye maji, unaelewa ilivyomuuma. Jina langu hakulitaja mahali popote, hata kwa mama.

Vilirudi ishirini na tisa. Alivihesabu uani mara nne. "Kimoja kiko wapi?" Nikasema sijui. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyomdanganya. Ningesema kiko kwa Jamila, ningelazimika kusema kimefikaje. Akavizika nyuma ya karakana, akafunga mlango, hakushika pembe tena. Na mwisho wake, kwenye ile homa, aliuliza tena kimoja kiko wapi. Wifi yako alidhani anamuulizia mtoto.

Utataka kujua kama alikuridhia. Barua zako zilipofika alitaka zisomwe mara mbili. Kukuaga hakukuaga. Yote mawili ni kweli, mimi sina la kuongeza.

Sasa ufundi, usije ukasema nimekunyima. Pembe ichemke kwanza tangu adhuhuri mpaka alasiri. Ipasue, ifungue ingali moto. Vyuma vitie motoni. Baba alikuwa anasoma Fatiha saba, aya moja pumzi moja. Alisema muda unapita tu, bora upite na maneno ya Mungu. Lakini Fatiha ya kwanza ni ya chuma. Kikitoka motoni usikitumie. Kishike hewani, kisomee, kipoe kidogo. Ndipo upake shahamu na ubane, na zile sita ni za pembe. Kosa lenu liko hapo. Mnabana na chuma chenye haraka. Kukwangua, tumia kipande cha chupa, si kisu.

Usiponiandikia tena nitaelewa.

Omari


Brusseli, Jumapili 15 Septemba 2024

Kaka yangu Omari,

Asalaam alaikum warahmatullah. Abdallah mzima, Tasnim mzima, mimi mzima. Najua umekuwa unahesabu miezi. Barua yako ilikaa chini ya msahafu Julai yote, na kitana kilikaa ndani ya droo, na mimi nilikuwa napita kati ya viwili hivyo kama mgeni nyumbani kwangu.

Sitakuficha. Kilichoniuma si uchafu. Kilichoniuma ni kwamba miaka ishirini na tisa nilikuwa nachania nywele zangu kwa msamaha ambao haukutoka kwa mtu niliyedhani. Nililia jikoni kwa Mzee Haruni, nikamwambia ni vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunakula samaki wa kopo.

Nikaenda kwa imamu. Akaniambia niliyoyafanya bila kujua, Mungu hanihesabii, na wapo wanachuoni ambao pembe kwao si najisi hata ng'ombe akifa mwenyewe. Nikamsikiliza, nikashukuru, nikalala vizuri usiku ule. Lakini Baba alikuwa na wanachuoni wake, na kwa hao alibeba gunia nyumba kwa nyumba.

Halafu ikafika siku ya pembe ya mwisho. Mzee mwenyewe hakuniharakisha, nilimwambia mimi, mzee, leo. Tukachemsha tangu adhuhuri. Rolande hakuwa na zamu, akaja hivyohivyo na kanga yake ya jikoni. Mzee akatoa vyuma motoni, akataka kubana, nikamshika kifundo cha mkono: "Ngoja, hii ni ya chuma." Nikasoma, aya moja pumzi moja. Akasimama ameshika koleo hewani, hajaelewa neno lakini ameelewa kusubiri. Kisha akabana. Mimi nikaendelea na zile sita, na Rolande pembeni akaanza Baba Yetu zake tano, eti apime kama fundi wa Kiingereza na marehemu Baba walikuwa na mwendo mmoja. Alimaliza, mimi nikiwa kwenye aya ya mwisho. "Maman Jamila, munaona? Bazee walijuana!" Mzee alicheka mpaka nikaogopa ataangusha vyuma.

Lilitoka na ukungu, halina chai. Tukalikwangua kwa kipande cha chupa siku tatu, kila mmoja kwa zamu yake. Tukavuta mapazia, Rolande akawasha mshumaa, mzee akasogeza uso mpaka pua ikakaribia jani. Mwisho akasema, "Rangi ya asali." Halafu akaniuliza jina la baba yangu. Ana daftari ambalo ameandika majina ya mafundi pembe wote aliowakuta kwenye makaratasi ya zamani, wa London, wa York. Akaandika chini yao kwa herufi kubwa, maana ndogo hazioni tena: JAMAL, BUYENZI. Mwezi ujao anahamia nyumba ya wazee. Jani anakwenda nalo.

Sasa kitana. Nimekifunga kwa kitambaa kikavu, kimo ndani ya bahasha hii. Kipeleke nyuma ya karakana, kizike na wenzake, umwambie Baba vimetimia thelathini. Mwambie kilikuwa kwangu. Usimwambie zaidi, aliyekipeleka huko aliko sasa anamjua.

Na wewe nisikilize kwa hilo sikio la kulia. Siku ile ulimwona dada yako anautazama mlango uliofungwa, ukashindwa kuvumilia. Ulimwona baba yako anakwangua goti, ukashindwa kuvumilia. Mimi nimekusamehe yote mawili, na hili la uongo wa jina la Baba nimelisamehe mwisho kwa sababu ndilo lilikuwa zito. Limekwisha.

Ila sasa sina kitana. Cha plastiki sikitaki. Mlango wa karakana una ufunguo, najua wifi anauhifadhi kwenye kopo la chumvi. Nataka chenye meno mapana, nywele zimepungua.

Dada yako Jamila


Buyenzi, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Jamila,

Waalaikum salaam. Nyumbani wote wazima, mvua zimeanza, mjukuu anasimama kwa kushika gunia la mkaa.

Nimekizika Ijumaa baada ya swala. Nimesema maneno uliyonituma na sikuongeza.

Kufuli la karakana limekataa ufunguo, nimelikata kwa msumeno wangu. Kigoda kipo. Vyuma vimeshika kutu, nitavisugua.

Jumatatu nilikwenda machinjio. Vijana wa pale wananijua kama fundi wa milango, wakaona ajabu. Nikawaambia sitaki kuambiwa kwamba amechinjwa, nataka kusikia. Wakanisogeza mpaka karibu na kichwa cha ng'ombe, nikageuza sikio la kulia. Mchinjaji akasema bismillahi, nikamwomba aseme tena kwa sauti. Akasema tena. Nimeisikia, Jamila.

Pembe zimo ndani ya pipa. Majirani wameanza kulalamika. Ni wiki tatu, kisha kuna kuchemsha, usiniharakishe.

Kaka yako Omari